Mectizan: dawa ya mifugo iliyogawiwa watu bure

Tarehe 21 Oktoba 1987, Roy Vagelos, mkuu wa kampuni ya dawa ya Merck ya Marekani, alitangaza kwamba vidonge vya Mectizan vya kutibu usubi vitatolewa bure kwa kila atakayevihitaji, kwa kiasi chochote na kwa muda wowote utakaohitajika. Tarehe ya mwisho haikutajwa.

Usubi huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito ya maji ya kasi. Akiuma, inzi huacha mwilini vimelea vinavyokua kuwa minyoo, na minyoo hiyo huzaa vijiminyoo kwa mamilioni. Vijiminyoo hutambaa chini ya ngozi, mgonjwa akajikuna usiku kucha. Vikifika machoni huleta upofu. Katika bonde la Volta, Afrika Magharibi, vijiji vizima vilihama ardhi yenye rutuba kando ya mito. Kuanzia 1974 helikopta zilinyunyiza dawa kwenye mito hiyo kuua viluwiluwi, lakini aliyekwisha kuambukizwa hakuwa na dawa salama ya kumeza.

Safari ya Mectizan ilianzia Japani. Katika miaka ya 1970, Satoshi Ōmura alipata bakteria kwenye udongo wa karibu na uwanja wa gofu, akaituma kwenye maabara za Merck huko New Jersey. Kikosi cha William Campbell kikagundua kuwa inatoa kemikali inayoangamiza minyoo ya wanyama. Mwaka 1981 ivermectin, dawa iliyotokana na kemikali hiyo na ambayo ndiyo iliyomo katika Mectizan, iliingia sokoni kama dawa ya mifugo, na wafugaji wakainunua kwa wingi. Mwaka huohuo Mohammed Aziz, mtafiti wa Merck, alianza kuijaribu kwa binadamu mjini Dakar, Senegal.

Ilifanya kazi. Tatizo likawa mnunuzi, kwa kuwa waliohitaji dawa hawakuwa na fedha, wala serikali zao. Vagelos alibisha hodi Washington akiomba serikali ya Marekani igharamie. Akaambiwa hakuna fungu. Ndipo kampuni ikaamua kuibeba gharama yenyewe. Iliweza, kwa sababu dawa hiyohiyo ilikuwa ikiiingizia fedha nyingi kupitia ng'ombe, kondoo na farasi. Isitoshe, sheria za Marekani huzipa kampuni nafuu ya kodi kwa bidhaa zinazotolewa kama msaada, na Vagelos mwenyewe alikiri baadaye kuwa uamuzi ule uliwavutia wanasayansi hodari kujiunga na Merck.

Lakini kidonge bandarini hakimponyi mtu wa kijiji kisicho na barabara. Mwaka 1988 iliundwa kamati ya wataalamu chini ya William Foege, mkongwe wa vita dhidi ya ndui, ili kusimamia ugawaji. Mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi, ulioanzishwa 1995, ukawakabidhi wanavijiji kazi hiyo: wao huchagua mgawa dawa na kupanga siku.

Mgawa dawa hahitaji mizani. Hubeba fimbo yenye alama, kila mtu akasimama kando yake. Asiyefika sentimita 90 hapewi kitu. Kuanzia hapo ni kidonge kimoja, kwenye 120 viwili, kwenye 141 vitatu, na aliyefika 159 humeza vinne. Wajawazito hurukwa. Wengi wa wagawaji hao hujitolea, wakiacha mashamba yao kwa siku kadhaa. Mchango wao hauonekani kwenye hesabu za kampuni yoyote.

Mwaka 1998 Merck ilipanua msaada huo hadi kwa matende na mabusha, Mectizan ikitolewa pamoja na dawa ya albendazole, ambayo nayo ilitolewa bure na kampuni nyingine. Mwaka 2015 Ōmura na Campbell walitunukiwa Nobel.

Dawa ina mipaka. Huua vijiminyoo, lakini minyoo mikubwa huishi zaidi ya miaka kumi, hivyo ugawaji hurudiwa mwaka hadi mwaka. Katika sehemu za Afrika ya Kati zenye minyoo ya loa loa, baadhi ya waliomeza walipata madhara makali, na kazi ikabidi iende kwa tahadhari.

Colombia ilithibitishwa kutokomeza usubi mwaka 2013, ya kwanza duniani. Niger ilithibitishwa Januari 2025, ya kwanza Afrika. Lakini huko Mahenge, mkoani Morogoro, Tanzania, uchunguzi ulionyesha kuwa maambukizi yanaendelea licha ya miaka mingi ya kingatiba, na dozi ikaongezwa kutoka mara moja hadi mara mbili kwa mwaka.