Vile Difensi ya Man U Ilipasuka Agosti 2022

Wasee, ile 4-0 ya Brentford haikuwa ajali. Wiki moja mapema, Brighton walikuwa wamewachapa 2-1 hapo hapo Old Trafford. Kocha mpya Erik ten Hag alitaka mpira uanzie kwa kipa, na ngori ikaanzia hapo. Tarehe 13, De Gea aliachilia shuti jepesi la Dasilva. Bao la pili ndio noma zaidi: alimpasia Eriksen akiwa amebanwa, Jensen akapora na kufunga. Kona ikaleta la tatu, Ben Mee. Mbeumo akamaliza kwa kaunta. Dakika 35 tu, maze! Mechi iliyofuata, Maguire na Shaw walikaa benchi, De Gea akaanza kupiga ndefu, na Liverpool wakalala 2-1.