Thenashara Taifa na Wenyeji wa Mombasa

Ukiuliza wenyeji wa Mombasa ni nani, wazee wa Mji wa Kale watakutajia Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili yaliyojigawa katika mashirika mawili. Tatu Taifa ni Wachangamwe, Wakilindini na Watangana. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wagunya na Wakatwa. Mengi ya majina hayo yanataja miji mingine. Mtwapa na Kilifi ziko ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Pate na Faza ziko mbali kaskazini. Basi wengi wa wenyeji wakongwe wa mji huu ni watu waliohamia, na hawakuona haya kubeba jina la walikotoka.

Mhamiaji alipata nafasi kupitia taifa lake, ambalo lilikuwa na wazee wake, na kila shirika lilikuwa na kiongozi aliyeitwa Tamim. Mji uliendeshwa kwa mashauriano yao. Wala kisiwa hakikujifungia: Wadigo na Waduruma walishikamana na Tatu Taifa, makundi mengine ya Mijikenda yakashikamana na Tisa Taifa, wakifanya biashara na kusaidiana vitani. Fitina nazo zilikuwapo. Watu wa ukoo wa Wamazrui walipotawala Mombasa karne ya 18, walijua kwamba bila kuyaridhisha mashirika yote mawili hawatakaa. Walipogombana wenyewe kwa wenyewe, sehemu ya mji ikaelekea kwa Seyyid Said wa Omani na Zanzibar, na mwaka 1837 utawala wao ukaisha. Tusisahau pia kwamba watumwa, waliolima mashamba na kubeba mizigo ya mji huo huo, hawakuwa na sauti katika mashauriano hayo.

Wabaluchi walikuja wakiwa askari wa watawala wa Omani, wakabaki. Mabohora na Wahindi wengine walikuja kwa biashara. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa, kuwapokea watumwa waliokombolewa. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, maelfu ya vibarua waliletwa kutoka Bara Hindi.

Kilichoharibu mambo, kwa maoni yangu, si wingi wa watu hawa. Ni daftari la Mwingereza. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mtu awe Mzungu, Mhindi, Mwarabu au mzalendo wa Kiafrika, na kodi, mshahara na haki zikafuata fungu hilo. Thenashara Taifa hawakuingia vizuri katika fungu lolote. Waarabu walipopewa uwakilishi katika Baraza la Kutunga Sheria, wao waliachwa nje, na mwaka 1927 wakaunda chama chao, Afro-Asian Association. Jamaa waliooana kwa vizazi wakaanza kuchunguzana nasaba.

Mgawanyo ule haukuondoka na bendera ya mkoloni. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.2 katika kaunti ya Mombasa, wakiwemo wengi wenye asili ya bara: Wakamba, Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu, waliovutwa na kazi za bandari, reli na hoteli. Hawa hawakupata taifa la kuwapokea wala Tamim wa kuwasemea. Agosti 1997 watu waliovamia mtaa wa Likoni na kuua waliwalenga watu wa bara, na maelfu walikimbia makwao, wakiwemo waliozaliwa papo hapo Mombasa.