Ndege Pana na Mzigo wa Makonde

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya vyombo vya baharini, lakini yavifaa pia vyombo vya angani.

Ndege pana ni ile yenye njia mbili za kupita baina ya viti. Ya kwanza, Boeing 747, iliruka kwa majaribio tarehe 9 Februari 1969, na Januari 1970 ikaanza kuchukua abiria wa Pan Am kutoka New York hadi London. Iliwezekana kwa sababu ya injini za namna mpya, zenye feni kubwa mbele isukumayo hewa nyingi kandokando ya moyo wa injini, hata nguvu ikazidi na mafuta yakatumika kwa uangalifu. Zikafuata DC-10, TriStar, na Airbus A300 iliyoanza kazi mwaka 1974. Gharama ya kila kiti ilishuka, lakini kwa sharti moja: viti vijae.

Sharti hilo lilikuwa zito kwetu. East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilipata Comet mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966, zote zenye njia moja. Ikafa mwaka 1977 bila kumiliki ndege pana hata moja. Kenya Airways ilipata Airbus A310 mwaka 1986. Tanzania ilionja kwa ubia: shirika la Alliance, la pamoja na Uganda na Afrika Kusini, lilirusha Boeing 747SP kuanzia mwaka 1995, likakoma mwaka 2000. Hatimaye, Julai 2018, Air Tanzania ikapokea Boeing 787 yenye viti 262.

Je, haya yamhusu nini mtu wa Masasi au Newala? Ndege hiyo haitui kwake. Aendaye mbali hushika njia ya gari hadi Mtwara, akapanda ndege ndogo hadi Dar es Salaam. Hata hivyo, watu wa pande hizi wana kipimo ambacho wengine hawana. Baada ya mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wa karanga Nachingwea, jirani ya Masasi. Yakaja matrekta, ikajengwa reli, ikachimbwa bandari Mtwara. Lakini ardhi haikuulizwa, wala mvua. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mamilioni ya pauni yakapotea. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Bandari ilisalimika, ikapata riziki kwa zao ambalo haikujengewa, nalo ni korosho.

Kwa miaka mingi korosho nyingi za Masasi na Newala zimekuwa zikienda India kwa meli, zingali na maganda yake. Mwaka 2019 Air Tanzania ilianza safari za Mumbai. Basi mtu na zao lake waelekea nchi moja kwa njia mbili. Chini ya miguu ya abiria, ndege pana ina tumbo la kubebea shehena. Korosho ghafi haistahili nauli ya angani, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni ganda. Iliyobanguliwa hupungua uzito na kupanda bei, na kazi ya kuibangua hubaki nyumbani.

Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimeonyesha hasara ya shirika hilo zaidi ya mara moja. Wako wasemao kuwa fahari ya taifa haina hesabu. Sikubaliani nao, wala sikubaliani na wanaoona kila kitu kikubwa kuwa upuuzi. Kosa la karanga halikuwa ukubwa wa mashine, bali kuileta mashine kabla ya kulipima shamba.

Haba na haba hujaza kibaba. Viti 262 havijazwi na mji mmoja, wala tumbo la ndege halijazwi na fahari. Anunuaye kibaba kikubwa yampasa ajue kwanza nafaka yatoka wapi. Na huko itokako, barabara ipitike na kiwanda kifanye kazi.