Florini Moja ya 1920

Zilikuwa zimebaki dakika nne mnada ufungwe. Nilikuwa nimelala kifudifudi kitandani, Umoja, simu ikiwa na chaji asilimia 11, na kwenye skrini alikuwepo simba. Hakuwa simba wa kutisha. Amesimama tu, milima nyuma yake, na chini mwaka: 1920. Upande wa pili wa sarafu alikuwa Mfalme George wa Tano na taji lake, Kilatini kikimzunguka kutangaza kwamba yeye ni mfalme na pia mtawala wa India. Florini moja, ya Afrika Mashariki. Dau lilikuwa pauni 34, na lilikuwa la mtu ambaye mtandao ulimwita tu Mshiriki 7.

Pauni 34 si pesa kidogo kwa mtu anayelipa nyumba kwa awamu. Kwa hivyo kabla hujaniuliza nilikuwa nafanya nini kwenye mnada wa London saa sita usiku, wacha niungame.

Shosho alikuwa na florini kama hiyo. Aliiweka kwenye mkebe wa Kimbo pamoja na vifungo, sindano na kitambulisho cha marehemu guka. Ilikuwa ya baba yake, aliyechuma kahawa kwenye shamba la mzungu upande wa Ruiru. Ilikuwa na kovu dogo kwenye shingo ya mfalme, kama mtu alianza kumchinja akaghairi. Shosho aliiita "pesa ya kabla ya kukatwa." Mimi nilidhani anaongelea kukatwa kwa mikahawa.

Nikiwa darasa la saba niliichukua. Nikaisugua kwa jivu na ndimu mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi, nikampelekea jamaa mmoja aliyeuza vinyago mjini. Alinipa soo tatu. Nikanunua mpira, na mpira ukapasukia kwenye seng'enge kabla wiki haijaisha. Shosho hakuwahi kuuliza. Angenichapa tungekuwa tumemalizana.

Nilirudi kwenye hii stori nikiwa mtu mzima, nikisoma usiku kuhusu sarafu za zamani, na ndipo nikaelewa kukatwa kulikuwa kukatwa kwa nini.

Watu wa rika langu hudhani shilingi imekuwepo tangu Adamu. Kumbe ni mgeni wa juzi. Reli ilijengwa kwa rupia. Kodi ya kibanda ilitozwa kwa rupia. Hata ile kampuni ya Waingereza iliyotangulia serikali ilikuwa na rupia yake ya Mombasa, yenye mwaka 1888. Kwa miaka mingi rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja, yaani kila rupia ilikuwa peni 16 za Kiingereza.

Kisha vita vya kwanza vya dunia vikapandisha bei ya fedha. Na fedha kwa Kiswahili ni madini na ni pesa pia, kwa hivyo sisi hatuhitaji kuelezwa sana: madini yakipanda, rupia inapanda nayo. Kufikia mwanzo wa 1920 ilikuwa imepita peni 24, na wakubwa wakaamua kuifunga hapo, kwenye 24. Rupia kumi kwa pauni. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London Desemba 1919, ikaleta florini ichukue nafasi ya rupia, moja kwa moja. Mwaka huo huo wa 1920 ndio nchi ilitangazwa kuwa Koloni la Kenya.

Sasa mweke mlowezi hapo. Ana mkopo wa rupia 1,500. Kwa bei ya zamani anadaiwa pauni 100. Kwa bei mpya, bila kukopa hata senti moja zaidi, anadaiwa pauni 150. Mazao yake yanauzwa ng'ambo kwa pauni, na bei za mazao duniani nazo zinaanguka. Tuwe wa haki: aliumia kweli. Alipiga kelele, na alikuwa na mahali pa kupigia, maana Wazungu walikuwa wamepata viti vya kuchaguliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Bado kiwango hakikurudishwa 16. Basi akatafuta nafuu kwa mtu asiyekuwa na kiti.

Mwaka 1921 waajiri walowezi walikubaliana kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa theluthi moja. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni roho mbaya tu, mtu amekadiria kwa jicho. Halafu nikachukua kikokotoo. Kutoka peni 24 kurudi 16 unatoa ngapi? Nane. Nane ni theluthi ya ishirini na nne, kamili, bila salio. Tuseme mtu alikuwa akipata rupia sita kwa mwezi. Kwa bei ya zamani hiyo ni shilingi nane za Uingereza; kwa bei mpya, kumi na mbili. Mkate theluthi, abaki na florini nne. Shilingi nane tena. Kile ambacho mlowezi alishindwa kukipata kwa serikali, alikipata kwa mchuma kahawa wake.

Lakini mchuma kahawa hakuwa akihesabu kwa pauni. Alihesabu sarafu mkononi: mwezi jana sita, mwezi huu nne. Na kodi haikukatwa theluthi. Ilikuwa imepandishwa mpaka shilingi 16, yaani florini nane. Huyo wa florini nne anafanya kazi miezi miwili kwa ajili ya serikali kabla hajanunua chumvi.

Aliyesimama kusema ni Harry Thuku, na napenda sana kwamba kazi yake ilikuwa ya kupokea simu kwenye Hazina ya serikali. Mtu wa ndani ya nyumba ya pesa! Jumuiya yake, East African Association, ilipinga kodi, kipande, kazi ya lazima ya wanawake na wasichana, na huo mshahara uliokatwa. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi ulipigwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewachokoza wanaume wasirudi nyumbani mikono mitupu, akafa pale. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21; wengine walisema ni zaidi. Ni pale pale Central, ukitoka chuo kikuu, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Harry Thuku. Mwaka huo kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Florini yenyewe ilishaondoka. Shilingi, nusu yake, zilianza kupigwa zikiwa na mwaka 1921, na kufikia Januari 1922 ndizo zilikuwa pesa ya nchi. Florini ilikuwa nusu fedha. Shilingi iliyoifuata ilikuwa robo tu. Ndiyo maana ukitafuta florini leo unaitafuta mnadani.

Na mnada una akili zake. Usiku ule ule, dakika kumi kabla ya yangu, iliuzwa florini nyingine ya 1920, imefungiwa kwenye kijaluba cha plastiki na alama yake imeandikwa juu. Wakusanyaji hupima sarafu kwa ngazi ya 1 hadi 70, na kuanzia 60 kwenda juu ni zile ambazo hazikuwahi kutumika. Hiyo ilikwenda pauni 410. Fikiria kidogo maana yake. Ni sarafu ambayo haikulipa mshahara, haikulipa kodi, haikuingia mfukoni wa mtu wala kwenye mkebe wa Kimbo. Bei yake iko juu kwa sababu haikufanya kazi hata siku moja. Yangu ilikuwa imeandikwa: imechakaa, ina mikwaruzo, imewahi kusafishwa vibaya. Kusafisha ndiyo dhambi kubwa kwa hawa watu, huwezi kuirudisha. Niliposoma "kusafishwa vibaya" moyo ulinilipuka. Nikaivuta picha ikue, nitafute kovu. Mwanga wa kamera ulikuwa umepiga pale pale shingoni.

Nilijua uwezekano ni mdogo sana. Nilijua pia kwamba sitalala.

Nikaweka pauni 36. Kabla sijavuta pumzi, 38, Mshiriki 7. Nikaweka 40. 42. Hapo ndipo nikagundua sipigani na mtu. Unaruhusiwa kuuachia mtandao bei yako ya mwisho, kwa siri, nao unakupandishia kidogo kidogo kila mtu akikugusa. Mwenyewe pengine alikuwa amelala, au yuko baa. Nikaacha kumchokoza. Nikasubiri zibaki sekunde nane, nikaandika 61, nikabonyeza, na simu ikanionyesha kile kiduara kinachozunguka bando likiwa limeisha nguvu.

Nilishinda kwa 52. Ukiongeza ada ya mnunuzi, ambayo huandikwa chini kwa herufi za sisimizi, na gharama ya posta, ilifika elfu kumi na nne na chenji. Mwezi huo nilikula githeri mpaka nikaanza kuota nachambua maharagwe.

Ilichukua wiki sita na ushuru juu. Sikuifungua mjini. Niliipeleka Githunguri ikiwa na gundi yake, nikamkuta Shosho kwenye kiti cha nje, jua la saa nne mgongoni. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Nikamwekea kiganjani bila kusema kitu.

Aliipima uzito kwanza. Kisha akaipitisha kidole gumba, upande wa simba, upande wa mfalme, akarudi kwa mfalme, akakaa pale shingoni kwa muda mrefu.

"Hii si ile, mzee wangu," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la guka.

"Najua, Shosho."

"Ile ilikuwa na kovu."

"Najua."

Akanyamaza. Kuku akapita. Akaniambia nimletee mkebe kutoka kabatini, nikauleta, akaitumbukiza katikati ya vifungo na ikalia kama zamani.

"Umenunua ngapi?"

Nikafikiria zile elfu kumi na nne. "Mia tatu, Shosho."

"Kumbe haijapanda," akasema, akaufunga mkebe.