Wafadhili wa Kwanza wa Ipole

Historia ya ufadhili huandikwa mara nyingi kwa kuwahesabu waliokuja na fedha. Historia ya Ipole, wilayani Sikonge, inadai hesabu hiyo ianze na wenyeji waliotoa ardhi.

Nchi za kusini mwa Tabora, Ugunda ikiwamo, zimezoea wageni tangu zama za misafara. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, baada ya vita vya Mtemi Mirambo kumfungia njia ya moja kwa moja ya Ujiji, alizungukia upande huu. Mwaka 1898 Wamoravia walipokea kazi ya misheni Urambo kutoka kwa Misheni ya London. Baadaye walifika Sikonge, ambako hospitali yao iliwahudumia hata wagonjwa wa ukoma waliokimbiwa na jamaa zao.

Lakini si kila msaada uliomshauri msaidiwa. Malale yalipoenea, serikali ya kikoloni, kuanzia miaka ya 1920, ilihamisha watu wengi wa Tabora na kuwakusanya katika makazi makubwa. Maisha yaliokolewa, ila mashamba na makaburi ya wazee yalibaki nyuma, na miombo ikaachiwa mbung'o na wanyama.

Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 na kanuni za mwaka 2002 zilileta utaratibu mwingine. Vijiji viliruhusiwa kutenga sehemu ya ardhi yao kuwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori. Africare, shirika la hisani lililoanzishwa Marekani mwaka 1970, liliwasaidia wanavijiji kuifuata safari hiyo ndefu ya mikutano, mipango ya ardhi na taratibu za kisheria. Mwaka 2006 Ipole ikatangazwa miongoni mwa jumuiya za kwanza nchini, yenye zaidi ya kilometa za mraba 2,000.

Kanuni zile za 2002 ziliagiza kwamba si chini ya asilimia 50 ya mapato ya jumuiya igawiwe vijiji wanachama. Hivyo tembo aliye hai akaweza kuwa darasa, zahanati au kisima, kwa uamuzi wa mkutano wa kijiji wenyewe.

Gharama yake hata hivyo haikuwa ndogo. Ardhi iliyotengwa hailimwi tumbaku, zao ambalo ukaushaji wake hula kuni nyingi. Wanyama hawajui mipaka ya mashamba. Warina asali nao walishauriwa kupunguza mizinga ya magome, ambayo huua mti uliochunwa, na kutumia ya mbao, kwa kuwa mti mmoja uliopasuliwa hutoa mizinga mingi.

Tena fedha za nje hazidumu. Miradi ina tarehe ya mwisho, na mapato ya uwindaji wa kitalii hutegemea maamuzi yanayofanyika mbali. Mwaka 2019 Pori la Akiba la Ugalla, upande wa magharibi, lilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na uwindaji huo ukakoma humo.

Kinachobaki mradi unapokwisha ni msitu, na watu walioukubali kwa hiari. Basi mgeni anayefika Ipole na sadaka yake ajue kwamba anaongeza juu ya sadaka iliyotangulia. Kwanza aulize wenyeji wameamua nini, ndipo afungue mkoba.