Mafuta ya Kukaangia Yakifuka Moshi, Yameshazidi Moto

Wengi wetu tumezoea kubandika karai, kumimina mafuta na kusubiri yafuke moshi ndipo tuweke samaki au maandazi. Tunaamini moshi ni dalili kwamba mafuta yamepata moto. Ukweli ni kwamba mafuta hayo yameanza kuungua, na anayevuta moshi wake anavuta sumu.

Moshi huo una nini?

Mafuta yakizidi moto hutoa kemikali kadhaa. Mojawapo ni akrolini, ambayo imo pia katika moshi wa sigara. Ndiyo inayowasha macho na koo na kuleta kikohozi. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua papo hapo.

Mwaka 2006, wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani walitaja moshi wa kukaangia kwa moto mkali kuwa yaelekea unasababisha saratani kwa binadamu. Sehemu ya ushahidi ilitoka China, kwenye tafiti za saratani ya mapafu kwa wanawake wasiovuta sigara.

Aliye hatarini zaidi ni anayekaanga kila siku katika jiko lisilopitisha hewa. Mtoto aliyebebwa mgongoni anavuta moshi uleule.

Mafuta gani huwahi kufuka?

Alizeti ya kukamua isiyosafishwa hufuka mapema kuliko mafuta yaliyosafishwa kiwandani. Itumie zaidi kuungia mboga kwa moto wa wastani. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi nayo huwahi kufuka.

Tufanye nini?

- Pima kwa kipande kidogo cha unga uliokandwa. Kikiibuka na kutoa mapovu, mafuta yako tayari.
- Moshi ukianza, toa kuni au punguza moto mara moja.
- Fungua mlango na madirisha, au kaangia nje. Mtoto akae mbali.
- Mafuta yakiwa meusi, mazito au yenye harufu kali, usiyachanganye na mapya. Yakipoa, yatupe.
- Yakishika moto, usimwagie maji kamwe, kwani yatarusha mafuta yanayowaka. Zima jiko kama unaweza, funika karai kwa mfuniko wa chuma na usifunue mpaka lipoe.

Ukibanwa kifua, toka nje upate hewa. Usipopata nafuu haraka, nenda kituo cha afya.