Kwa nini mtindi hauharibiki haraka?

Msikilizaji wetu, uwe hapa Makole au kijijini, unajua kwamba mtindi hukaa siku kadhaa bila kuoza, ingawa umejaa bakteria. Wanaoulinda ni bakteria hao hao.

Hula sukari ya maziwa na kutoa asidi, ndiyo ule uchachu, na bakteria wengi wa kuozesha hawaivumilii. Baadhi yao wana silaha ya pili: protini ndogo ziitwazo bakteriosini. Inayojulikana zaidi ni naisini, iliyogunduliwa mwaka 1928, ambayo siku hizi viwanda huitia kwenye jibini na vyakula vya makopo. Naisini hujishika kwenye utando wa bakteria jirani na kuutoboa; yaliyomo ndani huvuja, jirani akafa. Aliyeitengeneza hadhuriki, kwa kuwa hutengeneza pia kinga yake.

Mara nyingi anayelengwa ni ndugu wa karibu, maana ndiye anayegombea chakula kile kile. (Ugomvi wa mashamba tunaujua.) Bakteria wa mbali kama E. koli wana utando wa nje unaoizuia naisini isipenye.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema uchachu unatosha kusafisha maziwa. Vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe, na vya brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, vinaweza kubaki hai ndani ya mtindi. Chemsha maziwa kwanza, yaache yawe vuguvugu, kisha tia mtindi kidogo kwenye chombo safi na ufunike. Huo mtindi wa kuanzia nao uwe umetokana na maziwa yaliyochemshwa.